Majenerali wa Barabara ya Thika

Kondakta wa matatu ya Thika huita stendi zake kwa pumzi moja: Githurai, Kahawa, KU, Ruiru, Juja, Thika. Orodha hiyo ikisomwa polepole, ndani yake mna majeshi mawili yaliyowahi kupigana. Hapo KU, yaani Chuo Kikuu cha Kenyatta, palikuwa na kambi ya Waingereza iliyopewa jina la Gerald Templer, Fildi Mashali wa Uingereza, mpaka ilipokabidhiwa Kenya mwaka 1965 na kugeuzwa chuo. Kahawa pana kambi ya Jeshi la Kenya hadi leo. Ruiru ndipo wanapofunzwa maafisa wa magereza, na siku ya kuhitimu paredi yao hutembezwa kwa hatua zilezile za kijeshi. Thika pana kambi ya wahandisi wa jeshi. Na katika mji huohuo wa Thika, barabara inayopita Chuo Kikuu cha Mount Kenya inaitwa General Kago. Wanafunzi, mama mboga na vijana wa bodaboda hulitaja jina hilo mchana kutwa wakielekezana njia.

Kago aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika eneo la Murang'a na akauawa mwaka 1954. Templer alipewa cheo na Malkia. Kago hakupewa na malkia, wala rais, wala wizara. Hata hivyo wote wawili wameitwa kwa vyeo vyao na maelfu ya watu ambao hawakuwahi kuwaona, na mwenye jina linalotamkwa kila siku Thika leo ni yule asiyekuwa na hati. Ulinganisho wa vyeo vya juu vya kijeshi kwa kawaida huanza na nyota za mabegani: nani ana nne, nani ana tano, jenerali wa nchi hii analingana na nani wa nchi ile. Jedwali la aina hiyo lina faida yake maafisa wa nchi mbili wanapokutana kwenye mazoezi ya pamoja. Lakini halimfafanui Kago. Kwake lazima tuulize nani ana haki ya kumwita mtu jenerali, na cheo hicho huenda wapi vita vinapokwisha.

Tuanze na upande wa Templer, kwa kuwa ndio wenye karatasi nyingi. Uingereza ilianzisha cheo cha Fildi Mashali mwaka 1736. Anayekipata hupewa fimbo fupi iliyovishwa mahameli mekundu yenye simba wadogo wa dhahabu, na juu yake amesimama Mtakatifu George akimuua joka. Kwa desturi hastaafu. Jina lake hubaki katika orodha ya maafisa walio kazini mpaka anapokufa. Heshima yote hiyo inatoka mahali pamoja, kwenye taji, na inashuka kwa kamisheni mpaka kwa luteni mdogo kabisa. Afisa wa Kiingereza hawi afisa kwa sababu askari wake wanamwamini, ingawa itakuwa heri wakimwamini. Anakuwa afisa kwa sababu mfalme au malkia amesema kwamba anamwamini. Utaratibu huu una busara kubwa ndani yake. Jeshi ambalo kila cheo chake kinatoka kwa mtu mmoja aliye nje ya kambi haligawanyiki kwa urahisi kila kamanda anapopata wafuasi.

Sasa tuje Novemba 1956. Templer, wakati huo mkuu wa jeshi la nchi kavu la himaya nzima, alipandishwa kuwa Fildi Mashali mwezi huo. Mwezi huohuo, mjini Nyeri, kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi alikuwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na jeraha la risasi aliyopigwa alipokamatwa tarehe 21 Oktoba. Siku hiyo ya kukamatwa alikuwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Wapiganaji wake walimwita Fildi Mashali. Mahakama haikuona cheo chochote. Ilimwona mtu aliyekutwa na bastola na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari, ikamhukumu kifo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti, kilomita chache kutoka Ruiru, tarehe 18 Februari 1957. Sijui mahali pengine ambapo cheo kimoja, katika mwezi mmoja, kilivikwa mtu mmoja London kwa heshima zote na kukataliwa hata kutajwa kwa mwingine Nyeri.

Msomaji anaweza kusema kwamba watu wa msituni waliazima tu majina ya wazungu. Mimi naona sivyo, na sababu yangu iko katika King's African Rifles, kikosi ambamo Waafrika wengi wa Afrika Mashariki walijifunza vita. Mwafrika aliweza kupigana Burma, kupata nishani, kufundisha makuruta kwa miaka, na bado akapaswa kumpigia saluti luteni wa Kiingereza aliyemaliza shule juzi. Ngazi ilifika kwa sajini meja ikakatika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikaongezwa cheo cha effendi, juu ya sajini meja na chini ya luteni, kilichotengenezwa kwa ajili ya Waafrika peke yao. Waruhiu Itote alikuwa koplo katika jeshi hilo na alipigana Burma. Alipoingia Mlima Kenya akawa Jenerali China. Ukisoma mambo hayo mawili kwa pamoja, cheo cha msituni kinaonekana kama jibu. Wenye jeshi walisema Mwafrika hawezi kuvuka hapa; wapiganaji wakaanzia palepale walipozuiwa na kupanda hadi juu kabisa. Wakawapo Jenerali Kassam, Jenerali Tanganyika, Jenerali Baimungi, Fildi Mashali Mwariama. Cheo hakikutoka juu kikishuka. Kilitoka kwa watu waliokula kiapo pamoja, wakalala kwenye baridi moja na kukubaliana ni nani atakayefuatwa. Kimathi na wenzake waliunda hata Bunge la Kenya huko msituni ili amri zisitegemee mtu mmoja.

Hapa ndipo ulinganisho na mapinduzi ya nchi nyingine unapoleta jambo ambalo mtu hakulitarajia. Wanamapinduzi wa Urusi walipochukua nchi walifuta vyeo vyote vya kijeshi mnamo Desemba 1917. Kamanda alitajwa kwa kikosi anachoongoza na si zaidi. Mwaka 1935 vyeo vilirudi, na watu watano wakafanywa Mashali wa Muungano wa Kisovieti. Miaka michache baadaye watatu kati yao walikuwa wameangamizwa na serikali ileile iliyowapandisha. China ilitangaza mashali kumi mwaka 1955, ikafuta vyeo vyote mwaka 1965, ikavirudisha mwaka 1988. Jirani zetu wa Uganda, wapiganaji wa NRA, walipokuwa wakipigana msituni Luwero, nao walianza bila vyeo rasmi vya kijeshi. Basi kwa nini wanamapinduzi wa Moscow na Beijing waliona nyota ya jenerali kama uchafu wa kufutwa, na wale wa misitu ya Nyandarua wakaikimbilia?

Naamini jibu liko katika adui ambaye kila mmoja alimkabili. Mrusi na Mchina walikuwa wanapigana na maafisa wa taifa lao, watoto wa wenye mashamba na wenye vyeo. Kwao cheo kilikuwa ukuta kati ya Mrusi na Mrusi. Mpiganaji wa Kenya alikuwa anapigana na jeshi lililompokea kama askari na kumnyima kamisheni kwa rangi yake. Kwake cheo kilikuwa kitu alichoibiwa. Yule alijiweka huru kwa kukivua, huyu kwa kukivaa. Hakuna aliye mwanamapinduzi zaidi ya mwenzake, na ni makosa kumpima Kimathi kwa kipimo cha Mao au Mao kwa kipimo cha Kimathi.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuja baada ya ushindi. Afrika Kusini ilipojenga jeshi jipya mwaka 1994 iliwaingiza wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, na mwaka 1998 mmoja wao, Siphiwe Nyanda, akawa mkuu wa majeshi ya nchi. Zimbabwe ilifanya hivyo mapema zaidi: Solomon Mujuru, aliyekuwa kamanda wa ZANLA, alikuja kuwa Jenerali na mkuu wa jeshi la taifa. Kenya haikufuata njia hiyo. Desemba 1963 vikosi vya 3, 5 na 11 vya King's African Rifles vilibadilishwa jina vikawa Kenya Rifles. Yaani jeshi ambalo taifa huru lilirithi lilikuwa lile ambalo vikosi vyake vilitumwa msituni kuwasaka majenerali wa Mau Mau. Mwariama na Baimungi walitoka msituni wakati wa uhuru na kupokewa kwa shangwe. Baimungi hakuridhika na yale aliyoyaona kuhusu ardhi, akarudi msituni, na mwaka 1965 akauawa na vikosi vya serikali ya Kenya. Itote alikuwa na bahati zaidi. Alipelekwa Israel kwa mafunzo, kisha akawekwa katika uongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambayo makao yake makuu yako kando ya Barabara hiihii ya Thika, upande wa Ruaraka. Jenerali wa msituni akapewa vijana wa majembe na matrekta wa kuwaongoza. Ilikuwa kazi ya heshima, na aliifanya kwa miaka mingi. Haikuwa jeshi.

Kwa hiyo Kenya ilirithi jeshi moja, na majenerali wa jeshi lingine ikawapa barabara. Sisemi hivyo kwa kulaumu tu. Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi ndani ya siku chache, wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Kwa Kenya ilikuwa Lanet, karibu na Nakuru. Serikali changa iliyokuwa na askari waasi kambini ilikuwa na sababu ya kuogopa kuongeza juu yao majenerali wenye wafuasi wao wenyewe. Nyerere, aliyekabiliwa na uasi mkubwa zaidi, alichagua dawa kali zaidi: alivunja kikosi kizima na tarehe 1 Septemba 1964 akaunda Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Lakini hata yeye hakukata kamba yote. Mkuu wa jeshi hilo jipya, Mirisho Sarakikya, alikuwa amefunzwa Sandhurst, na baada yake walifuata wazee waliolelewa na jeshi la kikoloni.

Mmoja wa wazee hao ana kisa kinachotoka papa hapa Kahawa. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, alijiunga na King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Inasimuliwa kwamba miaka michache baadaye, akiwa sajini, aliwafundisha makuruta Kahawa, na miongoni mwao alikuwamo kijana kutoka Uganda aitwaye Idi Amin. Mwalimu na mwanafunzi walipanda ngazi mbili tofauti kabisa. Amin alipindua serikali mwaka 1971, na mwaka 1975 akawa Fildi Mashali. Musuguri aliongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, divisheni iliyoingia Kampala Aprili 1979 na kumtimua Fildi Mashali huyo. Mwaka 1980 Nyerere akamteua kuwa Mkuu wa Majeshi, naye akaiacha kazi hiyo mwaka 1988, akarudi kijijini na kuishi hadi Oktoba 2024, akiwa amevuka miaka mia moja.

Amin hakuwa peke yake. Zanzibar ilikuwa na Fildi Mashali John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyepitia Kenya, aliyetangaza cheo hicho redioni baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964 na kufukuzwa visiwani kabla miezi mitatu haijaisha. Mobutu alifanywa Mashali wa Zaire mwaka 1982. Bokassa alikuwa Mashali kabla hajawa mfalme wa wafalme. Inavuta sana kuwatia Kimathi na Amin katika kapu moja na kusema wote walijipachika cheo. Mimi nakataa. Amin mwaka 1975 alikuwa na ikulu, hazina na jeshi, na hakuna hatari yoyote iliyomfuata kwa kuitwa Fildi Mashali. Hatari iliwafuata waliosita kumwita hivyo. Mtu wa msituni aliyejulikana kama jenerali aliongezewa bei ya kichwa chake. Okello yuko kati ya hao wawili, na anahitaji kusomwa kwa huruma kuliko inavyozoeleka: alikuwa na wafuasi kwa siku chache, cheo kikatoka kwao, na wafuasi walipomwacha cheo kikabaki redioni.

Wapo pia watawala waliokataa kupanda. Charles de Gaulle alikimbilia London mwaka 1940 akiwa jenerali wa brigedi kwa muda tu, cheo cha chini kabisa miongoni mwa majenerali wa Ufaransa, akabaki nacho maisha yake yote, hata alipokuwa rais mwenye mamlaka juu ya majenerali wote. Gaddafi alibaki Kanali kwa zaidi ya miaka 40. Jerry Rawlings wa Ghana aliitwa Luteni wa Anga mpaka alipovua sare. Unyenyekevu wa De Gaulle na ule wa Gaddafi si wa aina moja. De Gaulle alitaka ikumbukwe kwamba mwaka 1940, wakati wenye vyeo vikubwa zaidi waliposalimu amri, yeye mdogo alikataa. Gaddafi alitaka ionekane kwamba hana cheo cha utawala ilhali anatawala. Lakini wote walielewa kwamba cheo kidogo kinaweza kubeba madai makubwa.

Kenya nayo ilionja cheo kidogo chenye madai makubwa. Tarehe 1 Agosti 1982, kwa saa chache, mtu aliyejiona mkuu wa nchi alikuwa Hezekiah Ochuka wa Jeshi la Wanahewa, askari ambaye hata koplo hakuwa. Jaribio lilizimwa na maafisa wa nchi kavu, wakiwemo Jackson Mulinge, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, na Mahmoud Mohamed, aliyemrithi miaka michache baadaye. Jeshi la Wanahewa likavunjwa na kuundwa upya kwa jina lingine kwa zaidi ya muongo mmoja. Ukitaka kujua kwa nini vyeo vya juu vya Kenya vina tahadhari kubwa, anzia 1964, pitia 1971, Meja Jenerali Joseph Ndolo alipolazimika kujiuzulu kwa kuhusishwa na njama ya mapinduzi, na ufike 1982.

Tahadhari hiyo imezaa utaratibu ambao Mkenya huuona wa kawaida, kumbe ukitazama majirani si wa kawaida hata kidogo. Kenya huwa na Jenerali kamili mmoja kazini. Ni Mkuu wa Majeshi. Naibu wake na kamanda wa nchi kavu ni Luteni Jenerali, na makamanda wa anga na maji ni Meja Jenerali. Hata mwanamaji hafuati vyeo vya kiadmirali: Joseph Kibwana, Samson Mwathethe na mkuu wa sasa, Charles Kahariri, wote walitoka Jeshi la Wanamaji na wote wakawa majenerali. Tanzania, kwa upande wake, ina wakuu wa wanamaji wenye vyeo vya bahari, na kwa Watanzania afisa aliye juu ya kanali huitwa Brigedia Jenerali na kuhesabiwa miongoni mwa majenerali, wakati Kenya imeshika desturi ya Kiingereza ambamo brigedia bado yuko mlangoni. Muda wa Mkuu wa Majeshi wa Kenya nao umewekewa mpaka wa miaka minne.

Uganda imeenda njia nyingine, na ina sababu zake. Jeshi lake la sasa ndilo lililoijenga serikali yake. Waliotoka Luwero walikuwa wanajeshi na waasisi wa nchi kwa wakati mmoja. Jenerali kamili Uganda anaweza kuwa waziri, kama Katumba Wamala, na anaweza kuwapo pamoja na majenerali kamili wengine kadhaa. Cheo pale ni kumbukumbu ya mchango wa mtu, kwa hiyo kinamfuata popote aendapo. Oktoba 2022 Muhoozi Kainerugaba, kamanda wa jeshi la nchi kavu, aliandika mtandaoni kwamba jeshi lake lingeweza kuiteka Nairobi kwa wiki mbili. Rais Museveni aliwaomba radhi Wakenya na kumwondoa mwanawe katika ukamanda, na papo hapo akampandisha kuwa Jenerali kamili. Nairobi wengi walishangaa. Kenya jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu cheo hicho kimefungwa kwenye kiti: ukikosa kiti, hukioni. Uganda liliwezekana kwa kuwa kiti na cheo ni mizani mbili, na moja yaweza kushuka nyingine ikipanda. Kwa hilo Kenya, mwanafunzi wa Uingereza, inafanana zaidi na Marekani, ambako nyota ya tatu na ya nne hufuata wadhifa aliopewa afisa.

Tena hata mataifa makubwa yameachia ngazi ya juu kabisa ikae wazi. Jenerali wa mwisho wa nyota tano wa Marekani, Omar Bradley, alifariki mwaka 1981. Ufaransa haina Mashali aliye hai tangu Alphonse Juin afariki mwaka 1967, na huko umashali si cheo cha kijeshi, ni heshima ya dola yenye nyota saba. Uingereza iliacha kuwapandisha wakuu wake kuwa Fildi Mashali wakati wa amani kuanzia miaka ya 1990. Waliofuata ni wachache na wa heshima tu. Wale tunaodhani ndio wenye vyeo vikubwa wamejifunza kuwa na vyeo vidogo.

Jambo moja ambalo msitu uliliwahi kabla ya majeshi ya kawaida ni wanawake. Muthoni wa Kirima aliitwa Fildi Mashali katika miaka ya 1950, mwanamke pekee wa Mau Mau anayejulikana kwa cheo hicho. Nywele alizozifuga msituni alikaa nazo mpaka Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, na mwaka uliofuata akafariki. Marekani ilipata mwanamke wa kwanza wa nyota nne, Ann Dunwoody, mwaka 2008. Jeshi la Kenya lilimpata brigedia wa kwanza mwanamke mwaka 2015, Fatuma Ahmed. Mwaka 2018 akawa Meja Jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa. Fatuma alipanda ngazi zilizopimwa kwa kozi, miaka ya kazi na bodi za upandishaji. Muthoni alipimwa kwa njaa na kwa risasi. Siwezi kusema ni kipimo kipi kigumu zaidi. Naweza kusema kipi kilitangulia, na kwa zaidi ya nusu karne.

Hata mazishi yanaonyesha tofauti hizi. Duke wa Wellington, Fildi Mashali tangu 1813, alifariki Septemba 1852 akazikwa Novemba, baada ya dola kujenga gari la shaba lililovutwa na farasi 12 katika mitaa ya London. Jenerali Francis Ogolla alifariki tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ilipoanguka Elgeyo Marakwet, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Kenya kufa akiwa kazini. Alikuwa ameacha wosia azikwe ndani ya saa 72. Siku ya tatu alikuwa kaburini Ng'iya, Siaya, kwa mizinga na bendera lakini bila siku za kungoja. Dola ya Kiingereza ilihitaji miezi miwili ili umati uone ukubwa wa cheo. Ogolla, kwa neno lake mwenyewe, aliamua ukubwa huo usiwagharimu waombolezaji. Kila mmoja alizikwa kama afisa mkuu, kwa desturi inayojua inachotaka.

Swali la waliokufa bila hati ya cheo lina majibu yake pia huko duniani. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1976 kwamba George Washington, aliyefariki mwaka 1799 akiwa Luteni Jenerali, awe Jenerali wa Majeshi Yote, ili asiwepo afisa wa kumzidi. Ufaransa ilimfanya Pierre Koenig Mashali mwaka 1984, miaka 14 baada ya kifo chake. Wapo Wakenya ambao wangependa Kago na Kimathi wafanyiwe hivyo, waandikwe katika orodha ya maafisa wa taifa. Naheshimu nia yao lakini nasita. Orodha hiyo ni ya jeshi lililotokana na King's African Rifles. Kumwingiza Kago humo ni kusema kwamba cheo alichopewa na wenzake hakikutosha mpaka warithi wa waliomuua wakipige muhuri. Washington na Koenig walipandishwa ndani ya majeshi yao wenyewe. Jeshi la Kago lilikwisha msituni, na hakuna aliyebaki na mamlaka ya kumwongezea wala kumpunguzia.

Kwa Kimathi kuna deni la aina nyingine. Nairobi imempa mtaa, na tangu 2007 sanamu. Lakini alizikwa ndani ya ardhi ya gereza la Kamiti katika kaburi lisilo na alama, na ardhi hiyo inalindwa na idara ambayo maafisa wake wanafunzwa Ruiru. Mkewe, Mukami Kimathi, aliomba apewe mabaki ya mumewe ayazike, akaendelea kuomba hadi alipofariki Mei 2023 bila kuyapata. Ombi lake halikuhusu cheo. Halihitaji sheria mpya ya majeshi wala kikao cha Baraza la Ulinzi. Linahitaji kumbukumbu za gereza moja zifunguliwe, na watu wenye ujuzi wa kuchimba waruhusiwe kuingia.